Simu Yangu Ilipokaa Eda

Ipo siku moja naikumbuka kuliko siku zote za uzee wangu, mwanangu. Nilikuwa nimeinama uani naosha vyombo, mara nikasikia sauti yangu mwenyewe inaongea sebuleni. Mie niko uani, sauti iko ndani, inacheka kicheko changu kilekile cha puani. Kidogo niache sufuria nikimbie. Lakini nikianzia hapo hutanielewa, utasema bibi huyu kapandisha mashetani. Acha nikaze kanga nianze mwanzo.

Mie kusoma sijui. Shule niliiona kwa nje, nikipita na ndoo ya maji kichwani. Ila Mungu hamnyimi mja wake vyote: alininyima herufi, akanipa sauti za watu. Nikimsikia mtu mara mbili, ya tatu namtoa mie, namwigiza huwezi kututofautisha. Nikiwa mtoto nilimtoa mama yangu anavyoita kuku, kuku wote wakaja mbio na mtama hakuna, nikachapwa. Nilipoolewa hapa Temeke kwa marehemu Mzee Shomari nilimkuta mke mkubwa, Bi Chiku, kanizidi miaka kumi na tatu, na maneno yake ya kuhesabika. Mie nikisema mia, yeye anajibu moja. Nilikuwa namwogopa. Zaidi ya miaka ishirini tuliishi nyumba moja, yeye chumba cha kulia, mie cha kushoto. Tunapeana salamu, tunaazimana chumvi, tunauguliana watoto. Ugomvi hatuna, na mapenzi hatuna. Kama chungu na mfuniko vya seti tofauti, vinafunikana hivyohivyo kwa kuwa jiko ni moja.

Kilichotuunganisha ni msiba. Mzee alipofariki tuliingia eda wote wawili, chumba kimoja, magodoro mawili chini, miezi minne na siku kumi. Eda unaijua, mwanangu? Mjane hatoki nje ila kwa dharura. Hajipaki wanja, hajifukizi udi, havai cha kumeremeta. Anatulia. Wageni ndio wanamfuata yeye. Na walitufuata. Akaja shangazi wa marehemu kutoka Kisarawe, analia kwa kupanda na kushuka, halafu katikati ya kilio anauliza, "Huu wali nani kaupika?" Alipotoka tu, mie bila kufikiri nikamtoa. Nikalia alivyolia, nikauliza wali alivyouliza. Nikamwona Bi Chiku kajifunika kanga gubigubi, mabega yanatikisika. Nikasema ole wangu, nimemliza mjane mwenzangu. Nikainua pembe ya kanga nimbembeleze, nikamkuta anacheka, machozi yanamtiririka, ya msiba na ya kicheko hayajulikani.

Akaniambia taratibu, "Mwajuma, usirudie. Tuko eda."

Akajifuta uso kwa kanga. Halafu akasema, "Hebu rudia."

Toka hapo tukawa ndugu. Eda ikaisha, sie tukaendelea. Kila siku baada ya alasiri nakaa nae mkekani namletea sauti za watu. Na Mungu alikuwa anajua anachokipanga, maana miaka michache baadae macho ya Bi Chiku yakaanza kufunga. Hospitali wakasema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi. Akawa haoni. Sasa sauti zangu zikawa ndio macho yake. Akishamaliza kuswali ananyoosha miguu, anasema, "Haya, Mwajuma, nipitishe mtaani."

Na mie nampitisha. Tunaanzia dukani kwa Ami Seif, yule Mwarabu wa kona, ambae hajawahi kukiri kwamba kitu kimemwishia: "Karibu mama, karibu sana, hakuna, karibu tena kesho." Tunafika barazani kwa Mama Neema, mtu wa Upareni, mwalimu mstaafu. Huyo hata akikueleza namna ya kuchemsha maharage anamalizia kama yuko darasani: "Tumeelewana?" Usipojibu, anayachemsha upya. Tunakwenda nyumba kwa nyumba mpaka saluni ya mabinti, halafu tunarudi. Bi Chiku anacheka. Na kumchekesha mtu kuna ufundi wake, mwanangu. Ukiona kicheko kinakuja, unasimama. Unakiachia njia kipite, kikishapita ndio unaendelea. Kujua pa kusimama ndio kazi yenyewe, kuongea hata kasuku anaongea.

Basi. Akaja binti yangu Zaituni, yeye ni karani huko Mikocheni, mtoto mzuri, Mungu amzidishie. Akaniletea simu ya kugusa, kava lake lina mawe ya kung'aa kama gauni la arusi. Nikamwambia mwanangu, mie na herufi tulikosana zamani, hii ya nini? Akanionyesha alama ya kipaza sauti, akasema bonyeza, ongea, achia, hakuna kusoma hapo.

Fisi kakabidhiwa bucha.

Wazee wenzangu wakikaa na nyie wanawasimulia makosa ya ujana wao. Mie la kwangu nimelifanya juzijuzi na mvi zangu kichwani, kwa sababu simu ile ilinirudisha usichanani. Niliingizwa grupu la mtaa, la ukoo, la kamati ya arusi ya mtoto wa jirani, arusi ikapita na grupu likabaki. Nikatuma voisi moja tu namtoa Ami Seif na karibu zake. Lo, watu wakaisambaza. Mtu wa Buguruni nisiyemjua ananirudishia voisi anacheka hadi anakohoa, ananiita bibi mkali. Mabinti wa saluni wananiambia, "Bibi, umebamba mjini." Mie na umri huu, nimebamba. Nikavimba kichwa kama andazi lililozidi amira.

Nikawa nalala nayo, naamka nayo. Zaituni akaniletea na vile vya kuziba masikioni. Nikipika, klipu. Nikifagia, voisi. Kwenda sokoni, masikio yamezibwa, watu wananisalimia naitikia kwa kichwa kama kinyonga. Siku moja niliutia uji chumvi nikidhani sukari, Bi Chiku akanywa bakuli zima akasema asante. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mie simu nilikuwa naiweka kifuani, ndani ya sidiria. Walikuwa wananisema mie.

Bi Chiku akisema nipitishe mtaani, mie nasema ngoja. Ngoja hii iishe. Inaisha inakuja nyingine, maana zile hazina mwisho, mwanangu, ni kama foleni ya wageni wa arusini, ukimaliza kumpa mkono huyu, nyuma yake kuna mia. Halafu siku moja nikajiona mjanja. Nikasema kwani mie wa nini, sauti si zimo humu? Nikafungua voisi zangu, nikamwekea simu mapajani, imwongeleshe yeye, mie nimalizie kukoboa karanga zangu. Hee, hata uongo siuwezi. Sikukoboa karanga. Nilimwita dirishani binti wa saluni aliyekuwa anapita, tukaongelea grupu.

Akasikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Akaipapasa simu, akanirudishia.

"Hii haijui kusimama," akasema. "Mie nacheka, yenyewe inaongea juu ya kicheko changu."

Nikamjibu "eeh." Nilimsikia, ila halikuniingia. Likapita kama gari la barabara kuu.

Baada ya hapo akaacha kuniomba. Alasiri inafika, anaswali, ananyoosha miguu, kimya. Na nikuambie aibu yangu, mwanangu, maana nasaha bila aibu ya mwenye kuitoa ni kelele: mie niliona nafuu. Nilisema moyoni, afadhali, leo hajaniita. Mke mwenzangu, kipofu, niliyelala nae chini miezi minne tukimlilia mume mmoja, nikaona nafuu kwamba hanihitaji.

Sasa twende kwenye ile siku ya vyombo.

Ilikuwa Jumapili. Hamisi, mtoto wa Bi Chiku, alikuja kumwona mama yake. Hamisi anakaa Mbezi Luis, anakatisha tiketi za mabasi ya mikoani, na kazi imemharibu: hata salamu anaipiga kama anaita abiria, "Shikamoo mama shikamoo mama mdogo shikamooni." Nikamkaribisha chai, nikatoka uani na vyombo vyangu, vya masikioni vimo. Nikiwa nakwangua ukoko, bando la simu likaisha. Kimya kikaniingia masikioni ghafla. Na ndani ya kimya kile ndio nikaisikia sauti yangu.

"Mh. Eeh. Mh. Ngoja Bi Mkubwa, ngoja hii iishe. Mh." Halafu kile kicheko cha puani, fyuu, kifupi, cha mtu anayecheka peke yake. Halafu tena, "Mh. Umesemaje? Ngoja."

Alikuwa Bi Chiku. Yule wa neno moja. Hamisi alikuwa kamwuliza mnaishije na mama mdogo siku hizi, na yeye badala ya kueleza akanitoa. Nimewatoa watu maisha yangu yote, mwanangu, na hakuna aliyewahi kunitoa mie. Nyani haoni kundule. Na alinipatia, sikufichi. Alipatia hata kule kuvuta "ngooooja" mwishoni, ambako sikujua kama ninakuvuta.

Hamisi akacheka sana. Mama yake hakucheka. Akamwambia, sasa kwa sauti yake mwenyewe, na mie kule uani nimeshika sufuria:

"Nimekaa nyumba hii tangu mwari, Hamisi. Sasa naishi na mtu ambae hayupo. Mie sioni. Nikisikia mtu anacheka pembeni yangu sijui anacheka nini, nadhani nachekwa mie. Kama ni kukaa peke yangu, nipeleke nikakae peke yangu kwako."

Hamisi akasita. Akamwuliza kama ana uhakika. Akasema ana uhakika. Wakakubaliana Jumapili ijayo aje na gari la kuazima.

Mie nikabaki nakwangua sufuria ambayo ilishatakata. Kwanza nilikasirika, usidhani niliona kosa mara moja. Nikasema looo, mie ninayempikia, mie ninayempeleka msalani, leo ndio wa kusemwa. Lakini kila nikitaka kujitetea najisikia ile "ngoooja." Ukisemwa unabisha. Ukionyeshwa wewe mwenyewe unavyofanya, utambishia nani?

Kesho yake asubuhi nikaingia chumbani kwake. Nikamkuta keshaanza kufunga kanga zake, anazikunja kwa kupapasa, ukingo kwa ukingo. Nikampigia magoti. Nikamwambia nimesikia yote, naomba radhi. Akasema hana ugomvi na mie, ugomvi alishauzika na mume. Akaendelea kukunja. Hapo nikaogopa kweli, mwanangu. Mtu akikugombeza, bado yupo. Akikuambia hana neno na huku anakunja nguo, keshatoka.

Nikamwambia, "Bi Mkubwa, simu naitia eda."

Mkono ukasimama.

"Simu?"

"Simu. Eda kamili. Haitoki ila kwa dharura. Haijipambi. Haikai na makundi. Miezi minne na siku kumi."

"Nani kafa?"

Nikamwambia, "Kicheko chako. Nimefiwa nacho."

Akanyoosha kiganja, nikampa simu. Akalipapasa lile kava la mawe, akalivua kama unavyomvua mjane bangili, akaniwekea mkononi. Akasema kama ni eda iwe ya kweli, sio ya mchezo. Na kwamba safari yake ya Jumapili iko palepale.

Nikampigia Zaituni, akaomba ruhusa kazini akaja asubuhi ileile. Nikamwambia anitoe kwenye magrupu yote ila la ukoo, na hilo alinyamazishe. Anizimie data. Aniachie simu ya kupiga na kupigiwa tu, kwa habari ya ugonjwa, ya msiba, na ya yeye kunisalimia. Zaituni kwa ile sauti yake ya ofisini, "Mama, lakini watu watakuulizia." Nikamwambia waulizie, hata Mzee Shomari aliuliziwa, mwisho watu wakazoea. Tukaifunga kwa kitambaa cheupe, tukaiweka juu ya kabati. Ikiita naisikia. Isipoita, haina kazi na mie.

Siku ya kwanza ilinitesa, sitakuficha. Mkono unakwenda kifuani wenyewe. Nikipuliza moto, mkono kifuani. Nikichota maji, mkono kifuani, hadi jirani akaniuliza kama moyo unanisumbua. Nikamwambia unanisumbua, ila dawa yake iko juu ya kabati.

Alasiri ilipofika nikajisogeza mkekani. Nikamwambia Bi Chiku nimekuja kukupitisha mtaani. Akasema haya. Nikaanza na Ami Seif, nikaja kwa Mama Neema, nikamtoa vizuri kabisa, nikamalizia na "Tumeelewana?" Nikasimama, nasubiri kicheko.

Hakikuja. Bi Chiku akasema, "Huyo ni Mama Neema wa mwaka jana."

Nikasema vipi tena. Akaniambia yeye anamsikia hapo dirishani kila siku akipita kwenda dukani. Siku hizi ile tumeelewana haipo. Anaongea sentensi anaiacha hapohapo, kama mtu aliyeweka mzigo chini akasahau kuubeba. Mie sikujua. Mie mwenye macho na miguu, ninayepita barazani kwa yule mama kutwa mara nne, sikujua. Kipofu aliyekaa ndani ndie anajua. Nilizoea kujisifu kwamba nina sauti za mtaa mzima, kumbe nilikuwa nimebaki na sauti za jana, zimechacha.

Kesho yake nikatoka bila kuziba masikio. Nikaenda kwa Mama Neema, nikakaa. Sikuwa na shughuli, nilikaa tu, na mwanzoni hata yeye alinishangaa, akadhani nimekuja kukopa kitu. Tukaongea mboga, tukaongea magoti. Mwisho nikamwuliza, mwalimu, tumeelewana yako umeiacha wapi? Akatazama chini. Akasema Neema kapata kazi Mwanza, kahamia huko toka mfungo. "Namwona kwenye simu kila siku," akasema, "na ninashukuru sana. Lakini tukishakata, nyumba nzima nimwulize nani kama tumeelewana? Makochi?"

Mwanangu, yule mama alikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu. Na mie nilikuwa nachekesha watu wa Buguruni. Fimbo ya mbali haiui nyoka, tunasemaga, lakini na kicheko cha mbali nacho hakimfuti jirani machozi.

Nikamwambia jioni aje kwetu, Bi Chiku anamuulizia. Akaja na chupa ya chai ya tangawizi. Wale wawili wakakaa, mmoja wa neno moja, mmoja wa kurudia mara tatu, na mie katikati. Nikampitisha Bi Chiku mtaani mbele yake. Nikamtoa Mama Neema mwenyewe akiwa kakaa palepale, na safari hii nilimtoa wa leo, ile sentensi ya kuachwa njiani na yote. Akaweka kikombe chini. Nikasema nimekwisha. Halafu akasema, kwa ukali wa darasani, "Mama Zaituni, sivyo ninavyoongea. Tumeelewana?"

Bi Chiku akaanza kwa mabega, kama siku ile ya eda. Kicheko kikapanda, kikamtoka. Na mie nikasimama, nikakiachia njia. Kilipita kirefu, mwanangu. Sijui kama nitapewa tena kitu kitamu kama kile kabla sijazikwa.

Lakini kanga zilibaki zimefungwa. Hakusema anabaki, na mie sikuthubutu kuuliza. Siku zikaenda, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kila siku nampitisha mtaani, kila siku anacheka, na kila nikiingia chumbani naliona lile furushi mlangoni limekaa kama mgeni anayesubiri usafiri.

Jumapili Hamisi akaja na gari. Akabeba furushi, akalitia kwenye buti. Mie nimejibanza mlangoni. Bi Chiku kavaa baibui, fimbo mkononi. Akamwuliza mwanawe habari ya huko nyumbani, chumba atakacholala kiko upande gani. Hamisi akaanza kueleza, simu yake ikalia mfukoni. "Ngoja mama," akasema. Akageuka, akaongea, akakata, akarudi, haijapita hata pumzi mbili ikaingia meseji, "Ngoja kidogo mama, ngoja."

Bi Chiku akatulia, kichwa kakiinamisha upande, kama anasikiliza kitu cha mbali.

"Hamisi," akasema, "kwako mko wangapi?"

Akasema wanne, yeye na mkewe na watoto wawili wakubwa.

"Simu ngapi?"

Hamisi akahesabu kwa vidole. Nne. Halafu akakumbuka ya kazini, tano.

"Hapa kuna moja," akasema Bi Chiku, "na iko eda. Toa mzigo wangu."

Hamisi hakujua acheke au anune. Akalitoa furushi. Nikampokea, na sitakudanganya, nililibeba lile furushi kama mtoto wa arubaini, nikaingia nalo ndani kabla mwenyewe hajabadili nia. Huku nyuma nikamsikia anamwambia mwanawe kwa upole kwamba aje kila Jumapili, na akija, simu aiache kwenye gari, chakula atakikuta.

Na eda ilikwisha. Miezi minne na siku kumi, nilihesabu kwa mafundo kwenye uzi. Siku hiyo nikaishusha simu kabatini, nikamwambia Bi Chiku mjane kamaliza, sasa inakuwaje? Akasema mjane akimaliza eda anaruhusiwa kuolewa, lakini halazimishwi. Na akiolewa tena, si lazima aishi kama alivyoishi na yule wa kwanza. Basi nikaacha iendelee kukaa huko juu. Saa tatu asubuhi naishusha, namsalimia Zaituni, nasikiliza voisi za ukoo, nani kazaa, nani anaumwa, nairudisha. Hainiudhi na siiudhi. Watu wa grupu walinisahau ndani ya wiki mbili tu, mwanangu. Wiki mbili. Bi Chiku hajanisahau mpaka leo, na leo katimiza miaka themanini na tano, ananisikia hapa ninavyokuambia na anatikisa kichwa kwamba nazidisha chumvi.

Nashukuru. Namshukuru Mungu kwa bando lililoisha, maana lingebaki hata kidogo tu nisingesikia. Namshukuru Zaituni kwa simu, usione nimeisema, ni zawadi ya mtoto na imenipa habari za kheri nyingi. Na zaidi namshukuru mke mwenzangu, kwamba alikuwa na haki ya kuondoka kimya kimya, na badala yake alinitoa nikajisikia. Si kila mtu atakufanyia hivyo. Wengi wanakunja nguo tu.

Basi sikia, mwanangu, na hili ndilo nililokuitia. Sikuambii utupe simu, mie sio mjinga, najua kazi yako imo humo na mchumba wako pengine nae yumo humo. Nakuambia iwe na mahali pake pa kukaa, na mahali hapo pasiwe mwili wako. Yale magrupu ambayo arusi yake ilishapita, toka. Zima data ukiingia kwa wazazi wako, hakuna atakayekufa. Mtu akikuongelesha, msubiri amalize, na akicheka msubiri amalize kucheka. Na neno "ngoja" liogope. Kila unapolisema, jiulize unamwambia nani, na umeshamwambia mara ngapi wiki hii. Usiache mbachao kwa msala upitao. Walio kwenye kioo watakuwepo kesho na hawatajua kama hukuwepo. Aliyekaa mkekani anajua. Yeye anahesabu, hata kama hasemi, na wasiosema ndio wanahesabu sana.

Na kama wako keshanyamaza, usifurahie kimya chake kama nilivyofurahia mie. Mwendee leo. Piga magoti hata kama hujui utasema nini, maneno yatakuja, na yasipokuja kaa tu.

Mwenyezi Mungu akutunzie masikio yako mpaka uzeeni. Akupe watu wa kuwachekesha na akili ya kusimama wanapocheka. Wale wanaokupenda asiwachoshe kukupenda, na siku ukikosea akupe mwenzio wa kukuambia kweli akiwa bado ndani ya nyumba. Haya, nenda mwanangu, nenda kwa heri, na ukifika nyumbani wasalimie kwa majina yao, mmoja mmoja.